Malalamiko Dhidi ya Waridi, Aliyeniambia Nigeuze Sindano Bila Kunisalimu

Kianjokoma,
Kaunti ya Embu.
Alhamisi asubuhi.

Kwa Bwana Mutuma,
Msimamizi wa kikundi cha WhatsApp kiitwacho Fundi Nisaidie,
Popote ulipo huko Meru.

Ndugu Msimamizi,

KUH: UKOSEFU WA ADABU KATIKA KUTOA USHAURI WA CHEREHANI

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini u mzima, mama watoto ni mzima, na barua hii itakukuta umeshakunywa chai. Huku kwetu mvua imekuja vizuri, majani chai yanachumwa, ng'ombe wetu anakamuliwa ingawa bado anapiga teke, na mchungaji aliyekuwa akiumwa mgongo sasa anahubiri akiwa amesimama. Unaona, Bwana Mutuma, bado sijaomba kitu. Hivi ndivyo mtu aliyelelewa huanza. Tafadhali likumbuke jambo hilo, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi naitwa Rwamba Runji, katibu wa kamati ya maji ya hapa. Mimi ni mtu wa barua. Ni barua zangu zilizotuletea mabomba, hata kama maji yenyewe hayajafuata. Nakuandikia kwa karatasi kwanza, kisha nitaipiga picha na kukutumia kwa simu, kwa sababu jambo zito halisemwi kwa vikatuni vya kidole gumba.

Kabla ya malalamiko, inafaa ujue kisa chenyewe. Mke wangu, Kathambi, ni mtu wa Nkubu. Mama yake, ambaye jina lake silitamki kwa heshima, ni mshonaji tangu ujana, na mwezi uliopita alimwazima Kathambi cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ili ashone sare za watoto. Jumamosi hii mama mkwe anakuja mwenyewe kuichukua. Akina mama wa kanisa lake wanangoja awashonee magauni ya sherehe ya kufungua kanisa jipya, na hakuna mwingine wa kuyashona.

Sasa, mama mkwe na mimi tunaheshimiana sana. Tunaheshimiana hivi kwamba tangu nimwoe binti yake hatujawahi kuambiana neno moja kwa moja. Akija hapa, mimi nina kazi shambani. Tukikutana njiani, mmoja wetu anakumbuka ghafla kwamba alitaka kupitia kule kwingine. Hanisalimu wala simsalimu, mkono hatupeani, hata namba yake ya simu sina. Ujumbe unapitia kwa Kathambi. Binti yetu wa pili tumempa jina la nyanya yake huyo, kama ilivyo desturi, kwa hivyo hata mtoto akimwaga maziwa nashindwa kumgombeza, nikiona kama ninamgombeza mkubwa. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha. Shauri yao. Mwacha mila ni mtumwa.

Tatizo ni kwamba ujumbe unaopitia kwa Kathambi haupungui makali njiani. Mwaka tuliooana mama mkwe aliuliza, kupitia kwa Kathambi, ikiwa kuna kitu chochote ninachojua kushika mbali na kalamu na kijiko. Swali hilo halijapata jibu hadi leo, na linaniuma. Ukweli ni kwamba nataka huyo mama aniheshimu, na si kwa kunikwepa njiani tu. Kwa hivyo, Jumatatu, cherehani ilipoanza kuruka mishono na kukata uzi, sikuona janga. Niliona nafasi yangu. Nilimwambia Kathambi asiiguse, kwamba inapumzika, nikaifungia stoo na kuuliza kikundini. Hapo ndipo yalipoanza yafuatayo.

1. SALAMU

Swali langu nililiandika ipasavyo. Nilisalimu wanakikundi wote, nikawapa pole waliofiwa, nikagusia bei ya maziwa, nikaweka mstari wa Zaburi, na katika aya ya tano nikasema kwamba kuna cherehani ambayo haijisikii vizuri, inaruka mishono. Niliowategemea wakaniambia niandike kwa kifupi. Mmoja, anayejiita Mbaabu, aliniuliza kama ninauza cherehani au ninatangaza mazishi.

Bwana Mutuma, mtu akifika kwako Meru na cherehani kichwani, unamkaribisha, anakaa, anapewa chai, mnaulizana habari za nyumbani, na cherehani inangoja nje. Ikitajwa, inatajwa wakati wa kuaga. Simu haijabatilisha hayo. Aliyetuma picha ya cherehani na kuandika "hii shida ni gani" hajauliza swali. Ameingia kwa watu bila kubisha.

2. PICHA

Niliombwa picha. Nikatuma. Nikalaumiwa eti picha yenyewe ilionyesha kitambaa cha meza. Ni kweli kwamba cherehani ilikuwa chini ya kitambaa. Nani huonyesha wageni kitu kikiwa uchi? Nilichukua kile kitambaa cheupe chenye kuku wa manjano, ambacho mama mkwe alitufumia kwa mkono wake tulipooana, nikaifunika cherehani vizuri, nikavaa koti, nikasimama kando. Kathambi huwa hakitoi kitambaa hicho ila askofu akija. Gurudumu lilionekana kidogo upande wa kulia. Fundi wa kweli angetosheka nalo.

3. MASWALI YA KIPOLISI

Huyohuyo Mbaabu aliniuliza, mbele ya watu wote, cherehani ilikuwa inafanya nini kabla ya kuharibika, na ni nani aliyeigusa mwisho. Niliona nimewekwa kizimbani. Nilimjibu kwamba iliharibika yenyewe, kama vitu vingi.

Kwa faida yako tu, Bwana Mutuma, na isifike mbali, siku hiyo Kathambi alikuwa chamani na mimi nilikuwa nashona turubai la kufunika boma la ng'ombe. Turubai lilikuwa limekunjwa mara kadhaa. Sindano ilivunjika. Nikatafuta nyingine kwenye kopo la vifungo, nikaiweka mwenyewe kwa mikono hii, na ikaingia bila ubishi wowote. Ni baada ya hapo mishono ilipoanza kuruka. Sioni uhusiano. Nimekueleza tu ili uone jinsi mtu asiye na kosa anavyoweza kufanywa aonekane na kosa kwa kuulizwa maswali.

4. USHAURI NI CHAKULA

Hili ndilo linaloniumiza, na naomba ulisome taratibu.

Kwetu, ukifika kwa mtu ukawekewa chai, unakunywa. Ukitoka hapo ukapita kwa jirani yake naye akakuwekea, unakunywa pia. Huwezi kumwambia wa pili kwamba umeshiba kwa wa kwanza, maana utakuwa umemwambia kwamba chai yake ni maji. Unakunywa kote, unarudi nyumbani tumbo likicheza, lakini hujamkosea mtu.

Ushauri ni hivyohivyo. Kobia wa Kanja alinishauri kwa upole, akiniita mzee wangu, nifungue cherehani yote nisafishe kila kipande. Nikafungua. Phyllis wa Siakago alinitakia baraka na kuniambia niviloweke vipande kwenye mafuta taa. Nikaviloweka. Mama mmoja akasema, baada ya kuuliza habari za watoto, kwamba mafuta taa yanaua chuma, nivikaushe juani na kuvipaka mafuta ya kupikia. Nikavipaka. Mwingine akasema mkanda ulegezwe, mwenzake akasema ukazwe. Ili nisimvunje yeyote moyo nililegeza asubuhi nikakaza jioni. Kuna aliyesema, kwa adabu kubwa, kwamba gurudumu lizungushwe kinyume. Sasa linazunguka kinyume tu.

Wa kupigiwa mfano ni Mithika. Yeye alituma ujumbe wa sauti mrefu sana. Alinisalimu, akamsalimu mke wangu, akauliza kama sisi ni wa ukoo wa Rwamba fulani aliyewahi kuchoma makaa karibu na kwao, akaeleza jinsi jenereta yake ilivyoharibika kwenye harusi ya dada yake, akacheka, akapoteza mtandao, akarudi, akaniombea. Cherehani hakuitaja. Hata hivyo nilimaliza kumsikiliza nikiwa na amani. Huyo ni mtu.

Kwa sasa cherehani ya mama mkwe iko juu ya gunia kwenye stoo yangu, na vipande vyake vinanuka chapati. Kuna skrubu ambazo sijui zilitoka wapi. Siwalaumu Kobia, Phyllis wala yule mama. Waliniandalia, nami nikala. Namlaumu mmoja tu, na ndiye aliyenifanya niandike barua hii.

5. WARIDI

Ndani ya kikundi chako kuna mtu mwenye picha ya ua la waridi, na jina lake limeandikwa Waridi. Jumatatu, nilipotuma tu ile picha ya kitambaa, huyo Waridi alikuwa wa kwanza kujibu. Nanukuu ujumbe wake mzima, bila kupunguza: "Geuza sindano."

Basi. Hakuna habari yako, hakuna Bwana asifiwe, hata ile salamu ya "muga" ya huko kwenu Meru hakuna. Hakuniita mzee, ndugu, Rwamba, wala wewe. Ni kama aliandika ukutani na kuondoka.

Nilivumilia. Nikasema moyoni labda ni mtoto. Jumanne nikiwa kwenye mafuta taa akaandika tena, "Sindano igeuzwe." Safari hii hata mtu wa kuigeuza hakutajwa, kama kwamba sindano ingepata amri hiyo moja kwa moja. Nikamwandikia, mbele ya watu wote, nikimtaka ajitambulishe: jina, baba yake, na kwao ni wapi. Hakujibu. Jana, nikiwa nimeshatuma picha ya vipande juu ya gunia ili Kobia aone nilivyomtii, Waridi akaandika mambo mawili. La kwanza, "Sindano." La pili, na hapa ndipo nilipojua kwamba tuna mgonjwa kikundini, "Hicho kitambaa kisiguswe na mafuta."

Bwana Mutuma, kitambaa changu kinamhusu nini? Mtu hajui jina langu, hajauliza kama watoto wamelala njaa, lakini kitambaa kinamnyima usingizi.

Nakiri kwamba hapo hasira ilipanda. Nilimjibu kwa kirefu, na ujumbe huo umeuona. Nilimwambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwamba ulimwengu ni mimi. Nilimwambia kwamba hata mama mkwe wangu, mwanamke mzee wa kijijini asiyejua simu inashikwa upande gani, ana adabu ya kumzidi mara mia. Nilimwambia hekima yake ya sindano akaishone kwenye gunia la mbolea. Watu wengi waliweka kidole gumba. Mithika aliweka mikono ya kuomba.

Kwa kumbukumbu, ushauri wa Waridi ndio pekee ambao sijaufuata. Siwezi kuufuata. Chakula kilichorushwa mlangoni hakiliwi, hata kama ni nyama. Kama sindano ingekuwa ndiyo shida, na nasema kama, basi ni heri cherehani ibaki vipande kuliko ipone kwa njia hiyo.

MAPENDEKEZO

Kwa hivyo naomba kikundi kipitishe sheria zifuatazo, ambazo nimeziandika kwa namna ambayo unaweza kuzinakili tu.

Kwanza, ushauri wowote usio na salamu uhesabiwe kuwa haujatolewa, hata kama umeponya kitu. Pili, anayeshauri ataje ukoo wake, ili tujue tunatengenezewa na nani. Tatu, anayeuliza asiulizwe alichofanya. Nne, kila anayeuliza apewe muda wa kutosha kufuata ushauri wote kabla ya mwingine kuletwa, na ikiwezekana washauri wapange foleni. Tano, Waridi aondolewe kikundini, aombe msamaha kwa ujumbe wa sauti usiopungua urefu wa ule wa Mithika, na alete mbuzi wa faini hapa Kianjokoma. Mbuzi huyo asiwe mgonjwa. Nitawaita wazee wawili wa kushuhudia.

Yasipotendeka hayo, nitaanzisha kikundi changu, Fundi kwa Heshima, ambamo tutasalimiana kwa wiki nzima ya kwanza. Pia nitamwandikia chifu, kisha askofu. Kobia ameshasema atakuja nami. Na Jumamosi mama mkwe akikuta cherehani yake juu ya gunia, na lile swali lake la kalamu na kijiko likapata jibu baya, nitamwambia, kupitia kwa Kathambi, kwamba hayo yote ni matokeo ya watu wasiosalimu.

Nifikishie salamu kwa mama watoto, kwa watoto wote kwa umri wao, kwa wanakikundi walioweka kidole gumba na hata wasioweka, kwa dada ya Mithika aliyeolewa gizani, na kwa ng'ombe wako kama unaye. Mungu akuzidishie subira na akupe betri isiyoisha.

Ni mimi niliyekosewa bila kukosea,

Rwamba Runji,
Katibu.

TANBIHI: Bwana Mutuma, ukiwa umefika hapa, tafadhali rudi juu ukapasue kila kitu isipokuwa salamu.

Barua zangu huwa nampa Kathambi azisome kwanza, arekebishe nukta. Hii alianza kuisoma akiwa amesimama na kuimaliza akiwa ameketi juu ya gunia, karibu na skrubu. Nilifikiri analia kwa ajili ya cherehani. Alikuwa anacheka. Aliponyamaza aliniomba simu, akaitazama picha ya Waridi, akasema lile ua liko kando ya mlango wa jikoni kwa mama yake huko Nkubu, na kwamba simu alinunuliwa na binamu yao Purity mwaka jana. Mama yake aliingia kikundini kuuliza habari ya taa ya sola, akabaki. Kuku wa manjano aliwatambua mara moja, kwa kuwa ni yeye aliyewafuma.

Nilimuuliza Kathambi kwa nini basi hakusalimu hata mara moja. Alinionyesha kwa kidole pale juu, nilipoandika kwa mkono wangu kwamba mimi na mama yake hatusalimiani, hatuitani kwa majina, na tukikutana mmoja wetu hupita kando. Akasema mama yake alinitendea heshima yote aliyonayo mtu kwa mkwe wake, mbele ya watu wote, siku tatu mfululizo, na alijitahidi kuniokoa bila kuniaibisha, na mimi nikamtuma kwenye gunia la mbolea.

Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Cherehani Kathambi ameiunganisha mwenyewe, kwa kuwa alikulia chini yake. Gurudumu amelirekebisha. Sindano ameigeuza. Inashona vizuri kabisa na mishono hairuki, ila inanuka chapati. Kitambaa kina doa la mafuta juu ya kuku mmoja, na Kathambi amesema doa hilo nitalieleza mimi.

Nilipoingia kikundini sasa hivi kufuta nilichoandika, nimeshindwa kukifuta, na chini yake pameandikwa kwamba Waridi ameondoka. Nakuomba umrudishe. Mwambie kwamba nimegeuza sindano. Usimwambie kwamba ni Kathambi.

Mbuzi wa faini atatoka Kianjokoma kwenda Nkubu, si kama nilivyopendekeza. Nimeshamchagua na si mgonjwa. Lakini kesho kutwa huyo mama anaingia hapa kwangu, nami siruhusiwi kumsemesha, na jambo hili Kathambi amekataa kulipitisha. Naomba uulize kikundini kwa niaba yangu: mtu huombaje msamaha kwa mama mkwe ambaye hamsemezani?

Wajibu haraka. Salamu si lazima.